Sabuni ya Kerubo

Siku yangu ya kwanza ya uuguzi, wadi ya wanawake pale hospitali ya Kisii, Metroni alikagua kucha zangu kabla ya kuniuliza jina. "Vidole ndivyo macho yako," akaniambia. Miaka ile ya sitini, wajukuu zangu, hatukuwa na mashine ya kuchungulia ndani ya titi. Nami nilijiona mjuzi tayari.

Ndipo akaja Kerubo kutoka Tabaka, mlainishaji wa vinyago vya mawe, mtoto mgongoni akilia njaa.

"Sista, kuna kitu humu. Siku ya tatu simnyonyeshi, nisije nikampa ugonjwa. Nimeshamwomba dada yangu amlee."

Titi lilikuwa limejaa. Nikalibonyeza harakaharaka. "Huna kitu, mama. Nenda ukamnyonyeshe."

Hakuinuka. "Jiwe likiwa na nundu siioni kwa macho. Nalilowesha kwanza, kisha napapasa. Lete maji na sabuni."

Ebo! Anifundishe kazi? Nilileta kwa hasira. Vidole vikateleza, na kweli, chini yake kikapita kidonge laini cha duara, kikanikwepa. Aibu ilinipanda hadi masikioni.

Daktari wa wadi, mzee mkali asiyejua kutabasamu, alikipapasa. "Uvimbe unaokimbia vidole mara nyingi si mbaya," akasema, "lakini hatubahatishi." Akachoma sindano, akavuta. Kerubo alifumba macho akisali Kigusii.

Bomba la sindano likajaa maziwa. Maziwa matupu, jamani! Na uvimbe ukanywea chini ya vidole vyangu, mpaka nikakosa cha kushika.

"Mfereji uliziba, maziwa yakajikusanya. Si saratani," akasema. "Amnyonyeshe, na arudi baada ya wiki mbili tumwangalie tena."

Nilipomweleza Kigusii, Kerubo alimvuta mwanawe, naye akalidaka titi kwa pupa. Daktari akageukia dirishani, akawa anapangusa miwani muda mrefu. Mimi nililia waziwazi.

Baadaye nilipelekwa Nyamira, kisha zahanati moja karibu na Kebirigo. Kote huko nilianza na sabuni. Uvimbe mgumu uliong'ang'ania nyama niliuandikia barua ya kwenda Kisii siku hiyohiyo, ukatwe kipande kipimwe kwa hadubini.

Cheti changu cha kustaafu kinasifu ustadi wa mikono yangu. Nikikisoma najicheka. Kerubo angekuwa mwoga kidogo tu, angesema asante Sista, akaenda zake, akamkabidhi dada yake mtoto.