Nusu ya Uyoga Ndani ya Ndoo

Mwalimu Ersilia Bartolacci alipoinama kumwaga maganda ya viazi, aliona ndani ya ndoo nusu ya uyoga mchanga, ule unaofanana na yai. Akaiokota. Ndani ulikuwa mweupe pepepe.

Uyoga mzuri wa mialoni, ule unaoliwa mbichi kwa limau na jibini, hata ukiwa yai ukiupasua huonyesha manjano. Mweupe ni ule mwingine, unaokula ini kimyakimya. Mtu hushinda mzima, akianza kutapika mambo yamekwisha haribika. Kwa nje ni mapacha.

Asubuhi hiyo alikuwa amechuma kikapu kizima kwa ajili ya wageni wao, Bwana na Bibi Zanetti na binti zao wawili, waliopanga nyumba ya mawe ya chini kwa wiki nzima. Bwana afya wa mji wa bondeni hukagua uyoga bure, lakini Ersilia hakuwahi kumpelekea. Marehemu mumewe, Oreste, alikuwa akisema foleni ile ni ya watu wa kuja. Na uyoga ulio bado yai hauchumwi. Hilo alilifundisha mwenyewe darasani miaka thelathini. Leo aliyachuma hayo mayai kwa sababu binti mdogo wa Zanetti aliyapigia makofi.

Aliyeyakata na kuwaandalia wageni saladi ya mchana ni Nives, mkamwana wake, ambaye sasa alikuwa amewachukua wageni kuzunguka vijiji vya milimani. Nusu ya pili ilikuwa wapi?

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika.

Angeweza kuosha ndoo na kukaa kimya. Watoto wakiugua, nani angejua ugonjwa umetoka kwenye sahani ya Bartolacci? Wazo hilo lilimtisha kuliko uyoga wenyewe. Akaifunga ile nusu kwenye leso, akaingia katika gari lake dogo na aproni yake vilevile.

Katika kijiji cha Serracava mzee Fosco alikuwa amekaa nje ya baa.

"Mwalimu! Siku hizi unapika barabarani?"

"Umemwona Nives?"

"Wamekwenda Poggioforte kupanda mnara. Mbona umekuwa kama chokaa?"

Akakanyaga mafuta. Kila kona aliwaza saa zilizobaki kabla sumu haijaanza kazi.

Uwanja wa Poggioforte ulikuwa umejaa watu waliotoka misa ya jioni, na nusu yao aliwafundisha kusoma. Akina Zanetti walikuwa kwenye ngazi za chemchemi. Binti mdogo alikuwa amelala mapajani mwa mama yake.

"Anaumwa?" Ersilia aliuliza.

"Amechoshwa na ngazi tu," alisema Bibi Zanetti. "Kuna nini?"

Watu walikuwa wamegeuka kutazama. Ersilia akaifungua leso.

"Huu ni uyoga wa sumu. Umetoka kwenye kikapu changu. Huenda nimewalisha. Twendeni hospitali sasa hivi."

Bwana Zanetti akasimama. "Umewalisha nini watoto wangu?"

"Ngoja, mama." Nives alichomoa karatasi mkobani. Ndani yake ilikuwamo nusu ya pili. "Huu niliupasua mwisho, nikabadilisha kisu. Mayai yote waliyokula yalikuwa ya njano, niliyatazama moja moja. Huu nilitaka nimwonyeshe bwana afya tukishuka."

"Kwa siri?"

"Ungenisikia? Nyumbani kwetu nani amewahi kukwambia umekosea?"

Ersilia alikaa kwenye ngazi.

Walishuka wote mjini. Bwana afya alikagua nusu zile mbili na saladi iliyobaki mezani, waliyoipitia nyumbani, akasema chakula kilikuwa salama. Hata hivyo Bwana Zanetti alikesha na binti zake, na asubuhi akapakia mizigo. Hakuaga. Ersilia alisimama mlangoni mpaka gari likapotea kwenye kona.

Jumamosi alipanga foleni kwa bwana afya, kikapu mkononi, katikati ya watu wa kuja.

"Ee! Hata Bartolacci!" Fosco alipayuka kutoka ng'ambo ya barabara.

"Hata Bartolacci," alisema Ersilia. "Nenda kalete kikapu chako, Fosco, upange nyuma yangu. Na utoe mikono mfukoni."