Mtumbwi wa Nyanya na Mbao za Kutelezea

Juzi mjukuu wangu alinipigia simu kutoka Nairobi, furaha imemjaa hadi maneno yanamkwama. Wanapanga safari, anasema, familia nzima, Disemba hii, kwenda Ulaya kwenye hoteli ya mlimani ambako watu hujifunga mbao miguuni wakateleza juu ya theluji. Nisiwe na wasiwasi, kila mtu kapangiwa pake. Wasiojua kabisa wana kilima chao kidogo, wanaojuajua wana chao, mabingwa wana chao, watoto wana mwalimu. "Hata wewe, Nyanya, umo! Kuna kiti cha kukokotwa, wewe ni kukaa tu." Mwenzangu, mate yalinijaa mdomoni, na hayakuwa mate ya hamu. Niliyatema nje ya dirisha. Nikamwambia simu inaisha chaji, nikakata, nikabaki kwenye mkeka wangu hapa Minjila nikisikia harufu ya mafuta ya kambare yaliyooza, na nyumbani mwangu hamkuwa na samaki wiki nzima.

Mjukuu hana kosa. Atajuaje? Sijapata kumsimulia mtu. Basi kaa, nikusimulie wewe.

Miaka ya hamsini nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi, nikilelewa na nyanya yangu katika kijiji cha ukingoni mwa mto Tana, chini ya mji wa Garsen, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Asubuhi kijiji kiliamshwa na michi, kila kinu na mlio wake, nami nilikuwa naweza kulala nimefumba macho nikajua ni nani anatwanga na amekasirikia nani. Tulikula ndizi za kuchemsha, wali wa mpunga wetu wenyewe, na kambare wa kukaushwa aliyeungwa kwa nazi zikipatikana. Maziwa aliyaleta mama mmoja wa Kiorma, wale wafugaji wa ng'ambo, vibuyu viwili vyenye harufu ya moshi, na Nyanya ndiye aliyekuwa akimvusha kwa mtumbwi kwenda na kurudi. Alivusha wengi. Wajawazito, wagonjwa, mbuzi wa watu, hata bwana harusi aliyechelewa. Hakuna aliyesimama ukingoni akamwita Nyanya asivushwe.

Na shamba letu la mpunga lilikuwa ng'ambo vilevile. Nyanya alikuwa na msemo wake: "Kwetu shamba si udongo, shamba ni mtumbwi." Ukitaka kujua maana yake, ngoja mto ujae.

Mwaka huo mtumbwi wake wa zamani ulikuwa umepasuka tumbo, hauzibiki tena. Nyanya alikuwa amepata mkuyu mzuri, ukakatwa, ukaachwa ukauke miezi na miezi pale ukingoni, kisha akamwita fundi wa mitumbwi. Kwetu fundi wa mtumbwi ana heshima yake. Tangu siku tezo lake linapogusa gogo lako, anakula kwako. Kila adhuhuri unampelekea chakula palepale kazini, na wewe mwenye gogo huli mpaka yeye ashibe, hadi siku chombo kinaingia majini. Nyanya alimpikia vizuri. Mimi ndiye nilibeba maji ya kunawa, yeye akabeba sahani ya mbao iliyofunikwa kawa. Pua ya mtumbwi ilikuwa imeshaanza kuonekana, imechongoka, nami nilikuwa nimeshajichagulia mahali pangu pa kukaa.

Hapo ndipo mzungu mpimaji alipotuingilia. Alikuwa amekuja na mkewe kupima mto, na walijengewa nyumba ya makuti kando ya kijiji. Kwa miezi mingi hakutusumbua zaidi ya kupigilia vijiti vyake katika mashamba ya watu. Lakini vuli ilipokaribia akaingiwa na wazimu wa likizo ya kwenda kwao kuteleza kwenye theluji. Alitandaza mezani barazani karatasi kubwa yenye picha ya mlima, imechorwa mistari ya rangi, na sisi watoto tukachungulia. Akatueleza kwa Kiswahili chake: "Hii kijani ya memsahibu. Hii buluu ya mtoto ya ndugu yangu. Hii nyeusi ya mimi." Kumbe mkewe hakuwahi kuteleza maishani mwake, na bwana hakutaka kuaibishwa mbele ya ndugu zake. Lazima memsahibu ajifunze kwanza. Ajifunzie wapi? Kwetu, kwenye tope, katika joto lile la kupasua kichwa.

Alitaka mbao mbili ndefu, akamwita mzee wa kijiji. Yule mzee, kefule! Mtu mzima na ndevu zake, lakini mbele ya mzungu mgongo wake haukuwa na mfupa. "Ndiyo bwana, ipo bwana, leo hii bwana." Mti mkavu tayari ulikuwa mmoja tu kijiji kizima, akaunyoshea kidole bila hata kupepesa jicho. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Sisi mgeni alikuja na mwenyeji akaugua.

Nyanya alipofika adhuhuri ile na sahani yake alikuta fundi ameikata pua ya mtumbwi wake, imelala kando. Mzee wa kijiji alikuwa amesimama hapo hapo.

"Mama, haya ni mambo ya serikali."

"Serikali inalima ng'ambo?"

"Ni kipande tu. Na mtumbwi ukiharibika, utakatiwa mti mwingine."

"Lini?"

"Mvua zikiisha."

"Mvua zikiisha mpunga wangu utakuwa tumboni mwa ndege." Kisha, na hili ndilo lililonikera utotoni na linanikera mpaka leo, akaweka chakula chini, akamnawisha fundi mikono, akamwambia kula baba. Tezo liko juu ya gogo lake, basi fundi anakula kwake. Desturi haikusema lolote kuhusu fundi anayekubomolea. Na yule mzee wa kijiji naye akakunja kanzu akakaa kula! Nilimtazama akiumega wali wetu na mafuta yakimtiririka kidevuni, nikatamani mwiba wa kambare umkwame.

Sasa sikia maajabu. Mzungu alikuwa amemweleza fundi kwamba huko kwao maji hugeuka magumu na meupe, na hizi mbao ni za kupita juu yake. Fundi alisikia neno maji. Akaenda akachonga kama alivyofundishwa na babake: vimitumbwi viwili, vyembamba, kila kimoja saizi ya mguu wa mzungu, vimechimbwa tumbo vizuri, vina pua, na ndani ya kila kimoja akatia kikata kidogo cha kuchotea maji yakiingia. Vilipendeza kweli. Mzungu alicheka hadi akashika nguzo, halafu kicheko kikamgeukia hasira. "Hapana tundu! Ndani hapana tundu!"

Fundi naye hakukubali. "Bwana, chombo kisicho na tumbo hakikai juu ya maji."

Basi pua ikawa imekwenda bure. Akakata tena kwenye gogo. Mbao za pili zikatoka bapa, lakini memsahibu alipozikanyaga moja ikapasuka katikati. Akakata mara ya tatu, safari hii kwenye uti wenyewe wa gogo, na huo ukawa mwisho wa mtumbwi wa Nyanya. Siku zote hizo alipelekewa chakula. Siku zote hizo mzee wa kijiji alikula naye.

Vilima vilitengenezwa ukingoni, pale ng'ombe wa Waorma waliposhukia kunywa maji. Vitatu, kama kwenye karatasi. Kifupi cha memsahibu, cha kadiri cha sisi watoto kujaribia, na kirefu cha bwana mwenyewe. Tulimwaga makapi ya mpunga, tukayatia maji yateleze, na siku ya tatu yakaanza kuchacha. Ukichanganya makapi yaliyochacha, tope na mavi ya ng'ombe, ukaweka jua la kwetu juu yake, utapata uvundo ambao hata inzi wanafikiria kabla ya kutua. Bado kulikuwa na mbao. Ili ziteleze zilipakwa mafuta ya kambare yaliyokaa juani ndani ya debe mpaka yakawa na ngozi juu. Mbwa wa kijiji kizima walimfuata memsahibu wakimlamba miguu. Alianguka, akaanguka, akaanguka. Siku moja alishuka kilima chote kwa uso, na aliponyanyuka hukujua lipi tope lipi mavi.

Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa pale. Nikuambie ukweli, maana uzee hauna haja ya kujipamba. Makapi yale mengine yalitoka kwenye kinu chetu, na mimi ndiye niliyeyabeba kwa ungo kichwani, mbio mbio, kwa ajili ya peremende na zamu ya kuteleza kwa gamba la mgomba. Niliteleza na kupiga vigelegele. Memsahibu alipoanguka nilicheka kuliko wote. Halafu nikageuka nikamwona Nyanya amesimama juu ya ukingo na sahani tupu mkononi. Hakuwa akimtazama mzungu, wala mzee wa kijiji, wala fundi. Alikuwa akinitazama mimi. Peremende niliitema, na hadi leo sizipendi.

Mvua ya kwanza ilipodondoka wakafunga mizigo, lori likaja kuwachukua kabla barabara ya Garsen haijakatika. Mbao wakaziacha zimeegemea ukuta. Mpishi wao ndiye aliyetuambia. Memsahibu alimwuliza mumewe wazibebe za nini, wakati kule waendako ziko za kukodi, saizi zote, za mtoto, za mzee, za asiyejua na za anayejua. Ebo! Ziko za kukodi! Kijiji kilicheka. Watu walishikana mabega wakacheka, na mzee wa kijiji akacheka kwa sauti kubwa kuliko wote, eti wazungu hawa. Mbao zililiwa na mchwa. Vile vimitumbwi viwili fundi alimletea Nyanya, ameinamisha kichwa kwa aibu, na Nyanya akavitumia kunyweshea kuku.

Kisha mto ukajaa. Ukajaa mwekundu, mpana, umebeba magogo na mamba, na mpunga wetu, tulioupanda kabla maji hayajapanda, ukaota ng'ambo ukanawiri mwaka ule kuliko miaka yote. Tuliuona ukichanua. Tuliuona ukiinama. Na siku ulipoinama wakaja kweleakwelea, vijidege vinavyoshuka kwa makundi kula mpunga.

Utasema si mngeazima mtumbwi? Tuliazima. Lakini ndege hawaendi shamba hili leo na lile kesho, wanashuka kote alfajiri moja, na kila mwenye mtumbwi alikuwa amewahi ulingoni kwake kulinda chake. Tulipopata wa kutuvusha jua lilikuwa utosini na ndege wameshashiba. Basi kila alfajiri Nyanya alisimama upande huu wa mto akiwafukuza ndege wa upande ule. Alipiga kelele, akapiga debe, akazungusha kombeo lake, na mawe yote yakatumbukia katikati ya mto. Nami nilimwokotea mengine. Ndege hata hawakuinua vichwa. Nilimsikia sauti ikimkauka siku baada ya siku, mpaka ikabaki midomo tu inachezacheza.

Tulivuna vikapu viwili, na zaidi ya nusu mapepe, maganda matupu. Mwaka ule tulikula mizizi ya yungiyungi, ambayo ukiitafuna inakuachia ladha ya tope kwenye meno. Mti mwingine? Mzee wa kijiji kila akiulizwa alisema mvua ikiisha, na mvua zikaisha nyingi.

Nyanya hakupata mtumbwi tena. Yeye aliyevusha kila mtu sasa alikaa ukingoni, kitambaa chake kimefungwa kichwani, akingoja mwenye nafasi. Siku moja mama wa Kiorma alimkuta hapo, akaweka vibuyu vyake chini. "Mama, gari yako ya maji iko wapi? Leo wewe nangoja kama mimi?" Nyanya akasogea kumpa nafasi, wakakaa wawili, wanatazama maji. Alingoja hivyo miaka sita. Alikufa kiangazi, jembe limesafishwa, limeegemezwa mlangoni.

Siku hizi sauti ya tezo huisikii popote mpaka Kipini, mto unakoingia baharini. Mikuyu mikubwa imekwisha, mafundi wamezikwa na ujuzi wao, vijana wa Garsen wanapanda pikipiki na hawajui hata kusimama ndani ya mtumbwi bila kuyumba. Michi imenyamazishwa na mashine ya kusaga. Mto wenyewe ulihama, kama Tana inavyohama ikichoka na njia moja. Mwaka jana nilikwenda kutazama. Pale palipokuwa na maji ya kuogopwa pana bonde la nyasi, mbuzi wanalisha. Shamba la Nyanya sasa liko upande huu. Nilifika kwa miguu, kwa fimbo yangu, viatu vikavu, nikasimama katikati yake asubuhi na mapema. Hapakuwa na hata bua moja la mpunga la kulinda.