Benchi la Koki

Mimi siwapendi wanafunzi wa masters. Wacha niseme mapema tusidanganyane. Wanakuja hapa zahanati yetu ya Jericho na kompyuta zao, wanawauliza wagonjwa wangu maswali kurasa sita, wanaondoka na vyeti. Mimi Phelister, muuguzi wa miaka kumi na tisa, nabaki na foleni.

Lakini Koki anawapenda. Koki ndiye ofisa wetu wa ustawi wa jamii, mama mfupi wa Ziwani mwenye kicheko kinachofika barabarani. Chuo kikuu humletea wanafunzi awafunze kumhudumia mgonjwa bega kwa bega na daktari na sisi wauguzi. Ana sheria moja ya ajabu: wiki ya kwanza hakuna kalamu, hakuna fomu. Unaketi kwenye benchi na wagonjwa, unapanga foleni nao, na mgonjwa akikualika chai, unaenda.

"Fomu haijawahi kualikwa chai," huwaambia.

Mwaka huu alikuja Lorine, binti wa Busia mwenye raba nyeupe pe. Raba nyeupe kwenye benchi letu! Nilicheka hadi nikajishika mbavu.

Wiki hiyo kilichotuumiza kichwa kilikuwa mguu wa Mzee Muthama, mchonga vinyago. Ana ugonjwa wa sukari, na kidonda cha kidole gumba kilikataa kupona. Daktari alikuwa ameongeza insulini mara tatu, sukari kushuka wapi! Akasema Jumatatu ikifika bila kushuka, atampeleka hospitali kubwa, na huko huenda mguu ukakatwa. Na Mzee huchonga vile Wakamba wenzake huchonga: anaketi chini, anabana gogo kwa nyayo, mikono inashika tezo. Bila mguu, hana kazi.

Nami nikamfokea. "Mzee, hujidungi sindano! Unatuchezea!"

"Najidunga, Sista," akajibu, macho chini. Sikumwamini hata chembe.

Alhamisi, baada ya kukaa na Lorine kwenye benchi masaa matatu wakipiga domo, Mzee akamwambia, "Twende nyumbani unywe chai." Wakapitia kwanza soko la nyama la Burma. Lorine akadhani ni nyama inanunuliwa. Kumbe Mzee anafuata dawa yake! Rafiki yake Kimanzi, mwenye buchari, aliinua mbavu na matumbo ndani ya friza, akatoa kichupa cha insulini, kigumu kama jiwe. Mzee akakitia kwapani kiyeyuke.

Jumatatu asubuhi tuliketi pamoja kujadili wagonjwa: daktari, mimi, Koki na mwanafunzi wake. Koki alishajua jambo, lakini alitaka mwanafunzi wake aseme mwenyewe. Alimgusa tu Lorine kwa kiwiko.

"Mzee hadanganyi," Lorine akasema. "Anajidunga kila siku. Lakini dawa inalala kwa friza ya buchari, inaganda. Ikiganda si inaharibika?"

Daktari akavua miwani. "Nani alimwambia aiweke huko?"

Wacha! Nikakumbuka. Mwezi wa pili, nikiharakisha foleni, nilikuwa nimemwambia, "Kama huna friji, tafuta hata ya rafiki." Sikumuuliza rafiki yupi, wala friji gani. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Ni mimi," nikasema. Niliona aibu, jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Daktari akampa Mzee dawa mpya na wiki mbili zaidi. Koki na Lorine wakampelekea vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga wenye maji. Dawa ikakaa humo kwenye ubaridi bila kuganda. Siku ya nne sukari ikaanza kushuka. Kidonda kikafunga polepole, na habari ya kukata mguu ikaisha.

Zile raba sasa ni za kahawia, na Lorine hajali.

Jumamosi iliyopita nilikwenda mwenyewe kwa Mzee kumwomba msamaha. Nilimkuta ameketi chini, gogo la kuchonga twiga amelibana kwa nyayo zote mbili. Nikaanza hotuba yangu, nikakwama katikati, machozi yakanitoka.

"Aa, Sista, yamekwisha hayo," akasema, akinivutia kigoda. "Keti unywe chai."

Miaka kumi na tisa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mgonjwa kunialika.