Masista Wawili na Kitanda Kimoja

Saa moja asubuhi, wodi ya wanawake inanukia sabuni ya sakafu na chai. Zamu ya usiku inatamani kwenda kulala, ya mchana ndiyo kwanza inafunga aproni. Katikati ya vitanda amesimama mwanamke mnene mwenye viatu vyeupe, shuka begani kama anayekwenda kuanika.

"Wawili wawili, wanangu," anasema. "Wa usiku kulia, wa mchana kushoto. Mpeane habari huku mnatandika."

Huyu ndiye mkuu wa wodi. Wanamwita Mama Shuka kwa sababu hapiti penye mkunjo bila kuunyoosha. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza akilalia mkunjo, anaeleza, ngozi huchubuka, na kidonda cha mgongo hakina haraka ya kupona.

Kazi hii ameifanya zaidi ya miaka ishirini. Damu ameizoea, anasema, na vilio pia. Kinachomkosesha usingizi ni wauguzi kununiana. "Mgonjwa anakuja na maradhi yake, nasi tunamwongezea ya kwetu."

Mwaka huu nusura ampoteze muuguzi wake bora wa usiku, dada mtaratibu anayeitwa Mpole. Aliomba uhamisho. Hakutaka tena kuonana na mwenzake wa mchana, Chapchap, ambaye hata akisimama miguu yake inatembea.

Mambo yalianzia kabatini. Bandeji zilikuwa zinapungua, basi Chapchap akaanza kulifunga kabati kutwa nzima, na jioni kuondoka na ufunguo. Nia yake ilikuwa njema, ila hakumwambia mtu. Usiku Mpole akakuta kufuli, akaona anaitwa mwizi. Akatumia zilizokuwa kwenye troli, na asubuhi akaiacha tupu, maana hakuwa na cha kujazia. Chapchap akaikuta hivyo, akasema wa usiku wanakuja kulala.

Hakuna aliyeuliza. Makabidhiano ya zamu yakawa yanapitia kwa bibi mmoja aliyevunjika nyonga. Mwambie huyo sindano tayari. Mwambie huyo nimesikia. Bibi akachoka.

"Mwanangu," alimwambia Mama Shuka, "mimi nimeletwa hapa kwa nyonga. Huu utarishi nitalipwa na nani?"

Kisha asubuhi moja bibi alisinzia, na ujumbe ukalala naye. Chapchap hakujua kuwa dawa ya maumivu haijatolewa. Bibi aliuma meno mpaka karibu adhuhuri.

Mama Shuka hakugomba. Alijitenga kidogo akamwomba Mungu ampe ulimi wa taratibu. Zamu zilipobadilishana tena, aliwaita wote wawili wamtandikie bibi kitanda, bibi mwenyewe akiwa amelala juu yake.

Kazi hiyo ina desturi yake. Mmoja humgeuzia mgonjwa upande wake na kumshikilia, mwingine hupenyeza shuka safi mgongoni. Bila kuambiana haiwezekani.

Walitazamana kama paka wageni. Bibi akabaki amelala ubavu.

"Semeni basi," akawaambia, "nisije nikaangushwa na kiburi chenu."

Mpole, mikono ikiwa imemshika bibi, akauliza kwa sauti ya chini: "Kabati ulilifunga kwa sababu yangu?"

"Wala si yako! Kwa sababu ya wenzangu wa mchana, wanajichotea bandeji kama unga."

"Sasa mimi troli niijaze mate?"

Bibi alicheka mpaka akawaomba wanyamaze, nyonga inauma. Chapchap alimwomba radhi bibi, halafu Mpole.

Tangu hapo ufunguo unapita mkono kwa mkono, na habari za wagonjwa zinapeanwa kitandani. Mpole alikwenda ofisini kuondoa ombi lake, Chapchap akimsindikiza. Bado wanagombana, safari hii kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe, lakini wanagombana ana kwa ana.

Mama Shuka anastaafu mwakani, Mungu akipenda. Anatamani wodi ibaki mikononi mwa mmoja wa hao wawili, na ameshawaambia.

"Kila mmoja ananiambia nimpe mwenzake," anasema, akinyoosha pembe ya shuka. "Ugomvi wa namna hiyo, wacha waendelee nao."