Ordinateri yangu chini ya kitambaa cha Mama

Ordinateri yangu, kompyuta ya masomo, imezimika leo sababu ya joto. Na kazi yenye ilikuwa inafanya ni kuhesabu joto.

Niliiacha asubuhi kwa meza ya saluni, pale tunapokea wageni, ihesabu namna hewa ya moto inapanda na kuzunguka ndani ya nyumba yenye kufungwa. Profeseri anangoja matokeo kesho.

Mimi huyo, soko ya Kasongo.

Kurudi, nakuta Mama ameifunika na kitambaa chake cha kufuma, kile cha kufunika televizyo. Kwetu kitu ya heshima haikai uchi.

Nafunua. Hewa ya moto inanipiga kwa uso.

Ordinateri iko kimya. Pembeni yake, chini ya kitambaa kile kile, beseni ya unga wa mandazi, imevimba mpaka inamwangika.

"Mama, umefanya nini?"

"Si ulisema joto inazunguka mahali penye kufungwa? Nilikusadiki."

Mama akakaanga unga ule, nikakula. Na mandazi, wallahi, ni tamu.

Sasa nimeanza mahesabu upya, bila kitambaa. Munishauri haraka, sababu Mama amesimama kwa mulango na beseni ya pili, anauliza ordinateri itapata moto saa ngapi.

Na hii beseni ni ya jirani.