Siku Niliyovalishwa Koti

Nakumbuka Jumapili moja nilisimama mapema mno, mwanangu, na kwa kusimama huko nikakaribia kupoteza watu wema. Nakuandikia kwa kuwa umebakiza siku tisa huko ulikopelekwa kusoma, na juzi kwenye simu ulisema utaaga haraka haraka ili mambo yaishe.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Shule yetu ya hapa Gisenyi ilikuwa na urafiki na shule moja ya Ubelgiji, nami nikapelekwa huko miezi mitatu, nikakaa kwa Mama Monique na mumewe, katika kijiji chenye mvua isiyoisha. Mama yule alinifundisha kuendesha baiskeli, akanipikia viazi kwa kila namna, na nilipougua mafua aliacha kazi siku mbili akae nami.

Unajua kwetu Rwanda mgeni haondoki mara moja. Unasimama, unaomba njia, wenyeji wanakukatalia: unakimbilia wapi, kaa kwanza. Unaketi tena, unapewa kile kikombe cha mwisho tunachokiita agashinguracumu, na hapo ndipo maneno ya kweli yanaposemwa. Nilikulia katika hayo, nikadhani dunia nzima huaga hivyo. (Tangu hapo nimeishi Kigoma, Mbarara, Bukavu, maana miguu yangu haijui kutulia, na kila mji nimeukuta na namna yake.)

Basi langu lilikuwa la saa kumi na moja jioni. Saa tisa na nusu nikasimama sebuleni, nikashukuru, nikasema sasa naomba njia. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri ya kusema nikishaketi tena. Mama Monique alinitazama, akatazama saa ya ukutani, akaenda kunichukulia koti.

Koti, mwanangu! Akanivalisha mwenyewe, akanifunga na vifungo. Akanipa mkate uliofungwa kwenye karatasi, akanibusu mashavuni, mumewe akawasha gari. Sikutoa hata neno moja kati ya yale niliyotayarisha. Kituoni nikamwambia yule baba asiningoje. Nikakaa peke yangu zaidi ya saa nzima nikisema moyoni, kumbe walikuwa wakihesabu siku niondoke. Mkate niliuacha kwenye benchi bila kuufungua.

Nilirudi nyumbani na hasira. Waliniandikia barua mbili, sikujibu. Watu wakiniuliza habari za Ulaya nilisema wale hawana moyo.

Ikapita miezi mitano. Asubuhi moja nikavuka mpaka kwenda Goma kumsalimia shangazi yangu, aliyekuwa akiuza vitenge sokoni, nikamsimulia yote. Aliendelea kukunja vitenge mpaka nilipomaliza, kisha akanitazama kama mtu anayekagua sufuria iliyotoboka.

"We mutoto, ule mama ulimuambia kama kwetu mutu anasimama mara mbili?"

"Hapana, shangazi."

"Donc, basi, angejua namna gani? Alikuchunga miezi tatu, unamuacha juu ya koti!"

"Alinifukuza, shangazi."

"Mutu anakufukuza, anakufunga vifungo?" Akaweka kitenge chini. "Simama, tuende kwa simu. Na leo hakuna mutu atakuambia ukae."

Tukaenda kwenye kibanda cha simu kando ya soko. Mama Monique mwenyewe ndiye aliyepokea. Nikajieleza kwa kigugumizi, nikamwambia habari ya kusimama mara mbili.  Kisha nikasikia analia na kucheka kwa pamoja.

"Nilikuwa nimeoka keki," akasema. "Ilikuwa jikoni, imefunikwa kitambaa. Tulipanga tuile saa kumi, sote watatu, na nilikuwa na mambo ya kukuambia. Uliposimama nikafikiri umetuchoka, huwezi kuvumilia hata saa moja zaidi. Kwetu kumng'ang'ania mtu anayetaka kwenda ni kumkosea adabu."

"Na keki?" nikauliza.

"Tuliila siku nne. Hatukuisikia utamu."

Mambo aliyotaka kuniambia aliniambia palepale, na hayo yanabaki yangu. Nilitoka kwenye kibanda kile mwili mwepesi, nikambebea shangazi vitenge vyake, naye akanicheka bila huruma mpaka nyumbani kwake.

Kwa hiyo, mwanangu, usiage haraka haraka. Leo hii waulize wenyeji wako watu wa huko huagana vipi, na uwaeleze sisi tunavyofanya. Toa shukrani zako ukiwa umeketi, kabla mizigo haijafungwa, na umtajie kila mmoja jambo alilokutendea. Usilifungie neno jema mpaka dakika ya mwisho, kwa sababu dakika ile si yako peke yako, wenzako nao wana hofu zao. Ukihisi umeumizwa, uliza kabla hujapanda ndege. Ukishindwa, piga simu ukifika. Shangazi angenyamaza siku ile, hata leo ningekuwa nawasema vibaya watu walionipenda.

Mungu akupe njia njema. Akujalie utoke katika nyumba hiyo wakitamani ubaki, na uingie katika hii yetu ukitukuta sote wazima.