Foronya ya RARA

Shoga yangu alikosea herufi mbili tu, nami nikamcheka mpaka nikashika mbavu.

Tulikuwa barazani kwetu Ujiji, tunafuma foronya za harusi yangu. Kwa mama yangu hiyo ilikuwa sheria: mwali hafumi zote mbili. Moja afume mwenyewe, ya pili afumiwe na shoga yake. Mimi nilichukua neno SALAMA, yeye nikampa LALA kwa kuwa ni fupi. Akaileta imekwisha, maua mekundu pembeni, mishono safi hata upande wa nyuma huoni fundo. Na katikati, kwa uzi wa bluu: RARA.

"Shoga, hii nini?"

"Si ulisema rara?"

"Lala! Lala! Yarabi, huo ulimi wako umeupata wapi?"

Aliupata Burundi. Walikimbia vita, yeye na mama yake mzee, wakavuka ziwa, wakapanga chumba mtaa wa Kasingirima. Tulikutana Mwanga kwenye duka la nyuzi, tukigombea donge la mwisho la uzi wa bluu. Mimi nilishika huku, yeye huku, na mwenye duka akatutisha kwamba atalikata kwa mkasi. Tukaligawana. Baada ya hapo hapakupita siku asije kwetu na kitambaa chake kwapani. Alinifundisha kufuma bila fundo, mimi nikamfundisha Kiswahili, kwa makelele.

Nikamwambia afumue. Akakataa katakata. Akasema kwao kurara ni kulala kwa watu mpaka kuche, na mgeni anayependwa huambiwa arare.

"Wewe fuma lugha yako, mimi nifume yangu."

Nikasonya. Mama akacheka huko ndani: "Mwache mwenzio. Mumeo hatakuja kusoma foronya."

Ila yeye mwenyewe kulala kwetu hakuwahi. Kila jioni nikimshikilia, jibu lilikuwa lile lile: mama yake hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa mkono. Basi anakunja kitambaa, anaondoka.

Halafu likapita gari la matangazo. Wakimbizi wote waishio mjini wajiandae, kesho wanapelekwa kambini. Atakayefichwa atatafutwa nyumba kwa nyumba, na aliyemficha atajibu. Jioni ile shoga yangu alikuja kunirudishia sindano. Sindano! Dunia inaungua, yeye anarudisha sindano.

"Rara," nikamwambia. Nililisema kama alivyolisema yeye, na sikuwa natania.

Akacheka huku machozi yanamtoka. "Leo ndiyo umejua Kirundi?"

"Mlete na mama. Chumba kipo."

Mama yangu akatoka mlangoni, akasema, "Waje."

Shoga yangu akampigia goti, akamshika miguu. "Mama, mtaa mzima unanijua. Wakinikuta hapa, mtafungwa kwa ajili yangu." Akainuka. Nikaingia ndani nikiwa sioni vizuri kwa machozi, nikachukua foronya yangu ya SALAMA, nikaichomekea ile sindano, nikamtia mkononi. Niliumia, jamani. Nilimpenda yule mtu, na sikuwa nimewahi kumwambia.

Nikaolewa nikiwa na RARA na foronya nyingine nyeupe isiyo na neno. Mashangazi wa mume wangu waliulizana sana kitandani pale.

Nikazaa, nikakaa, habari zake sikuzipata. Kila aliyetoka kambini nilimuuliza, na kila mmoja aliniambia kambi ni kubwa. Mpaka siku moja, sokoni Mwanga, nikamkuta dada mmoja ametandika turubai, foronya tele juu yake. Jozi kwa jozi, maua mekundu, uzi wa bluu. RARA. SALAMA. Hiyo S ilikuwa na jani dogo mkiani, na jani hilo ni langu, nililibuni mwenyewe barazani kwetu. Nikageuza nyuma. Hakuna fundo.

"Nani kawafundisha?"

"Marehemu mama mmoja, huko kambini."

Nikakaa chini palepale, kwenye vumbi.

Akaniambia ni kipindupindu, kilichoingia na mvua za kwanza. Alimuuguza mama yake, mama akatangulia, naye akafuata wiki ileile. Kisha yule dada akaona nimeing'ang'ania RARA, nimeikodolea macho, akadhani nakagua kosa.

"Usiogope, mama, maneno ni sahihi. Sisi wenyewe tulimbishia. Akasema ana shoga yake Ujiji, fundi wa Kiswahili, ndiye aliyemfundisha. Akasema Ujiji ndivyo wanavyoandika."

Mimi huyu, ninayegombana na watu kwa herufi moja, nikajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Kweli, mwanangu," nikamwambia. "Ndivyo tunavyoandika."